Besi ya Fundi Hitimana

Mwaka wa 1957, ukimuuliza mtu wa Goma nani anatengeneza mlango usiokwaruza chini hata mvua ikinyesha mwezi mzima, alikuelekeza mtaa wa Mapendo kwa fundi Hitimana. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na miwili, mrefu, si mwepesi wa kusema, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alizaliwa Rutshuru, akajifunza useremala kwa mabruda wa misheni, na huko huko misheni akaingia kwaya. Aliimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa. Watu wakitoka misa walisifu sauti za wanawake. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Hitimana, leo umeimba vizuri." Lakini Pasaka moja aliugua, kwaya ikaimba bila yeye, na bruda aliyewaongoza alisema baadaye kwamba siku ile walianza kila wimbo kwa kimo kimoja cha sauti wakaumalizia kwa kingine. Neno hilo Hitimana alilitunza moyoni miaka mingi.

Mwezi wa nane mwaka huo, mzungu mmoja aliyekuwa anapiga muziki kwenye hoteli ya kando ya ziwa alimaliza mkataba wake, akamwita Hitimana amtengenezee masanduku ya kusafirishia vyombo vyake Ulaya. Hitimana alipima kinanda, akapima tarumbeta mbili, akafika kwenye gita jekundu lililolazwa sakafuni peke yake.

"Hiyo hapana," mzungu akasema. "Hiyo imekufa."

Lilikuwa gita la besi la umeme. Shingo yake ilikuwa imepasuka pale inapoungana na mwili. Hata lilipokuwa zima halikuwa gita la maana. Lilikuwa la bei rahisi, la watu wanaojifunza, na mzungu mwenyewe alisema alilinunua kwa sababu siku ile mfuko haukuruhusu jingine. Hitimana aliliinua, akaligeuza, akaligonga kwa kidole. Jicho la fundi liliona yote mara moja: mwili haukuwa mbao nzima bali tabaka nyembamba zilizobandikwa, rangi nyekundu imepakwa nene ili kuzificha, na skrubu mbili hazikulingana. Lakini shingo ilikuwa ya mti mzuri. Kisha akavuta uzi wa juu, ule mnene kuliko yote. Uzi ulikuwa umelegea, ulitoa mngurumo mdogo tu, lakini mngurumo huo aliusikia kwenye mfupa wa kifua, mahali palepale sauti yake ya kwaya ilipokaa.

"Unilipe kwa hii," akasema.

Mzungu akacheka, akamwongezea na waya wake.

Nyumbani Hitimana alichemsha gundi ya mifupa, akachonga kigingi chembamba cha libuyu, mti mgumu wa msituni, akakipigilia ndani ya ufa, akabana shingo kati ya mbao mbili siku tatu. Alipoifungua, ufa hukuuona mpaka uonyeshwe. Mke wake, Béata, alisimama mlangoni akiwa amejifunga kitenge, akahesabu.

"Kamba ingine mbili zilibakia wapi?"

"Haina ingine. Iko na ine tu."

"Basi ule muzungu amekupatia nusu ya gitari."

Na kweli, siku za kwanza ilionekana hivyo. Mtaani kwao hakukuwa na umeme, na gita la umeme bila umeme linalia kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Hitimana alilipiga ameinamisha sikio juu yake, na bado alisikia nusu tu. Jioni moja, akiwa amechoka, aliegemeza kichwa cha gita kwenye kabati la nguo alilokuwa akimtengenezea mwalimu mmoja, akavuta uzi. Kabati zima likaunguruma. Béata alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani gari limegonga ukuta.

Tangu siku hiyo kila kabati lililoingia karakana lilipiga muziki kabla ya kwenda kwa mwenyewe. Hitimana alifunga kazi saa kumi na moja, akafagia, akavuta kiti. Alianza na nyimbo za kwaya, sehemu ya sauti ya nne ambayo aliijua kwa moyo. Kisha akaanza kuwinda rumba zilizotoka kwenye redio za watu, akisimama barabarani bila aibu mpaka wimbo uishe, halafu anarudi haraka kabla hajausahau. Vidole vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikawa vigumu.

Mama yake, Mukamugema, aliishi nao. Miaka mitano kabla ya hapo homa ya uti wa mgongo ilimshika kule Rutshuru. Ilimwachia uhai, ikachukua masikio. Huyu alikuwa mwanamke ambaye arusi za kwao zilimngoja. Yeye ndiye aliyeongoza makofi, na wachezaji walifuata mikono yake kuliko ngoma yenyewe. Sasa alikaa uani akichambua maharage, akisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, kwa sababu hakujisikia, na watu walizoea kumjibu kwa mikono.

Jumamosi moja aliingia karakana kuokota maranda ya kuwashia moto. Hitimana alikuwa anapiga, mgongo kwa mlango, hakumwona. Mama aliinama, na alipoinuka bega lake likagusa kabati. Akasimama hivyo hivyo. Akaweka kiganja juu ya mbao.

"Nani anagonga mule ndani?" akauliza kwa sauti ya kusikika barabara ya pili.

Hitimana akageuka, akaacha kupiga. Mama akafungua mlango wa kabati: tupu. Akaufunga, akaweka tena kiganja. Mbao imetulia. Akamtazama mtoto wake, akaona vidole juu ya nyuzi.

"Ni wewe? Piga."

Akapiga. Mama akavuta kiti kidogo, akaketi, akaegemeza mgongo wote kwenye kabati, akafumba macho. Hitimana akaanza wimbo ambao mama huyohuyo aliuimba zamani wakipalilia shambani. Alipoufikia mstari wa pili, mkono wa mama ulianza kupiga goti. Ulipiga pale pale panapotakiwa, wala si kabla wala si baada. Halafu ukasimama.

"Hapo unakimbia," mama akasema.

Hitimana akarudia.

"Unakimbia tena. Hapo batu banavuta pumzi. Ungoje."

Alisema kweli. Hitimana alijaribu mara ya tatu, akangoja, na mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga goti mpaka mwisho. Hakulia. Aliokota maranda yake akaenda kuwasha moto. Hitimana ndiye aliyetoka nje akasimama nyuma ya nyumba, uso kwa ukuta wa mawe, akijifanya anatafuta kitu, mpaka macho yakauke.

Baada ya hapo mama alikuja kila jioni. Alisema anakuja kupumzisha mgongo. Kwa kweli alikuwa mwalimu mkali kuliko mabruda wote.

Ni Assumani aliyemtoa Hitimana karakana. Assumani alikuwa dereva wa kamyo, lori la mizigo, mtu wa asili ya Maniema, na Jumapili alipiga gita la mbele katika kikundi cha watu watano kwenye baa ya Mama Julienne. Alikuja kuagiza mbao za kuzungushia kamyo yake, akakuta kabati linaunguruma na mama mzee ameliegemea.

"Papa Hitimana, ni nini hii? Unapiga ngoma kwa kabati?"

"Ni besi."

Assumani akaketi juu ya rundo la mbao, akasikiliza nyimbo tatu. Kisha: "Jumapili ukuje. Kwetu chini kuko tupu."

Wenzake hawakufurahi. Mpiga ngoma, kijana mwenye kelele aliyeitwa Sebahire, alisema waziwazi kwamba gita la kamba nne ni la mtu aliyeshindwa na la sita. Lakini Assumani ndiye aliyekuwa na gari la kubebea vyombo, kwa hiyo Hitimana alijaribiwa.

Mama Julienne alikuwa na mashine ndogo ya kutoa umeme, na redio kubwa ya mezani iliyokuwa fahari ya baa. Nyuma ya redio kulikuwa na matundu mawili ya kuunganishia gramafoni. Assumani akachomeka humo waya wa besi. Hitimana akavuta uzi wa kwanza, na kwa mara ya kwanza akaisikia besi yake kwa sauti yake halisi. Chupa zilisogea kwenye ubao wa kuuzia. Mtu mmoja aliyekuwa anakwenda nje alirudi. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri ajabu. Hata Sebahire alitabasamu. Katikati ya wimbo wa pili, redio ilitoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa, ikaanza kukwaruza. Karatasi ya spika ilikuwa imepasuka.

"Umeniulia redio!" Mama Julienne akapiga kelele, mikono kichwani. Wateja wakacheka. Sebahire akasema, "Niliwaambia, hapana?"

Hitimana alichomoa waya, akamwomba Mama Julienne radhi mbele ya watu wote, akaibeba redio kichwani mpaka kwake. Asubuhi Béata alimkuta tayari anachora kwenye ubao kwa penseli.

"Unachora nini?"

"Redio iko na nguvu ya kutosha. Kinywa ndicho kidogo. Nitatengeneza kinywa."

Assumani, safari iliyofuata ya Bukavu, alipata spika kubwa iliyotolewa kwenye jumba la sinema lililobadilisha mitambo, na spika ndogo ya kurudisha redio ya Mama Julienne kama ilivyokuwa. Hitimana alikaa wiki tatu akitengeneza sanduku la spika ile kubwa. Alitumia libuyu nzito, pembe zote zimeumana kwa meno ya mbao bila msumari hata mmoja, urefu wake kufikia kiuno. Alilipiga randa, akalipaka mafuta, akalijaribu kwa kulipiga ngumi pembeni huku na huku mpaka likaacha kutetemeka ovyo. Aliporudisha redio, alimtengenezea Mama Julienne na meza mpya ya kuuzia, na mama huyo akasema maneno yamekwisha, waya uchomekwe.

Jumapili hiyo Hitimana alikuja na mama yake. Alimbebea kiti, akakiweka mbele ya sanduku, mgongo wa mama ukigusa mbao.

"Munaleta kiziwi kwa muziki?" mtu mmoja akauliza, na meza yake ikacheka.

Hitimana alichomeka waya. Walianza. Sanduku lilitoa sauti nene, safi, isiyokwaruza, na sakafu ya baa ikaipokea. Watu ambao kwa kawaida walingoja bia ya pili ndipo wacheze waliinuka mara moja. Walicheza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika wa nne Sebahire alipandwa na furaha, fimbo zikaanza kwenda mbio, gita likamfuata, wachezaji wakaanza kukanyagana. Hitimana peke yake alibaki pale pale, akivuta nyuma.

Mukamugema akafumbua macho. Akageuka kwenye kiti, akampiga jicho mpiga ngoma.

"Wewe wa ngoma!" akasema kwa ile sauti yake isiyojisikia, juu ya vyombo vyote. "Unakimbia wapi? Nani anakufukuza?"

Baa nzima ikalipuka kwa kicheko. Mama akainua mikono, akapiga makofi, taratibu, sawasawa na besi iliyokuwa ikimpiga mgongoni. Sebahire, uso umejaa haya, akafuata mikono ile. Gita likarudi. Wachezaji wakarudi. Yule aliyeuliza habari ya kiziwi alikuwa katikati yao, na wimbo ulipokwisha alikwenda kumsalimia mama kwa mikono miwili.

Hitimana alisimama na gita lake jekundu kifuani, na pale, miongoni mwa jasho na moshi wa sigara, alijiona mrefu kuliko dari. Kwaya ya misheni haikuwahi kumpa hivyo.

Kuanzia hapo kiti cha mama kiliwekwa kila Jumapili. Sebahire mwenyewe ndiye aliyekipangusa, na kabla ya wimbo mpya aliuliza kwa ishara ya mkono: hivi, au taratibu zaidi? Watu wa Himbi, mtaa wa chini kando ya ziwa, walianza kupanda kuja kusikiliza.

Mwaka wa 1959 alikuja mwanamuziki wa Bukavu, amevaa koti na viatu vya kung'aa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuishika besi. Akaikwaruza ukingoni kwa ukucha.

"Lakini Papa, hii ni mbao ya kubandika."

"Najua. Niliona siku ya kwanza."

"Kwetu tuko na moja mupya, ya bei kali. Mupigaji ndiye hatuna. Kuja Bukavu."

Hitimana alifikiri siku mbili. Béata alisema akitaka kwenda, watafunga mizigo. Siku ya tatu alimjibu yule bwana kwamba hapa ana karakana, ana kikundi, na ana mwalimu ambaye hawezi kumpata Bukavu. Lakini kama wanataka sanduku la spika, hilo anaweza kuwatengenezea. Walitaka. Mwaka ule alitengeneza masanduku manne, moja likaenda Bukavu kwa mashua, na ndani ya kila moja aliandika jina lake kwa penseli.

Mama yake alipopata habari ya yule mgeni aliyekataliwa, alikwenda sokoni asubuhi. Akasimama mbele ya mwanamke anayeuza dagaa, kana kwamba anamnong'oneza siri, akasema:

"Batu ba Bukavu balikuja kumuchukua Hitimana wangu. Akakataa. Unajua anapiga nini? Anapiga ile ya chini, ile inabeba zingine zote."

Soko zima lilisikia, kutoka kwenye samaki mpaka kwenye mkaa. Muuza dagaa alimwongezea kiganja kimoja cha bure, na mama akaenda zake, kikapu kichwani, akiamini amesema polepole.