Kaptula ya Dada Mwanasha

Juzi nilipita uwanja wa shule huku Msambweni, nikawaona wasichana wakirukaruka kwa mguu mmoja kabla ya mechi. Mwalimu wao alikuwa akiwahimiza, "Kunja goti unapotua! Kano za goti hutukatika sisi wanawake zaidi kuliko wanaume." Wao walicheka. Mimi nikasimama pembeni kuwatazama.

Dada yangu Mwanasha aliwashinda mpira wavulana wote wa kijiji chetu cha Bodo. Alasiri moja uwanjani aliruka, akatua vibaya, nikasikia mlio kama wa kuti kavu linapovunjika. Hakuna aliyemgusa. Ndiyo maana mama na majirani walikubaliana kwamba ile ilikuwa adhabu. "Mtoto wa kike avae kaptula, akimbie mbele ya wanaume!"

Mkandaji alikuja na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu, akalivuta lile goti huku dada akiiuma leso. Nami, kwa akili zangu za miaka saba, niliamini kuwa kaptula ndiyo iliyomdhuru. Nikaianua kambani, nikaitia motoni jikoni. Mama alinisifu.

Harufu ya nailoni ikamfikia dada kitandani.

"Umeichoma?"

"Ili upone, dada."

Akageukia ukutani.

Mpaka leo anachechemea. Na wale wasichana niliwasubiri wamalize, kumbe kuruka kwao kote kwa kuyakinga magoti hakukuzidi dakika kumi.