Nyumba Zisizopata Barua

Tangu astaafu, mzee mpeleka barua hakuamini tena kitu chochote kilichoandikwa na mtu asiyetembea kwa miguu. Yeye alitembea miaka thelathini na moja. Shule aliiacha mapema. Kusoma alijifunzia kwenye anwani za watu, na maneno makubwa aliyaokota kwenye magazeti yaliyofungia vifurushi. Siku hizo barua ilikuwa barua. Mtu alinawa mikono kabla ya kuipokea. Leo watu wanaandikiana wakiwa chooni, na bado wanalalamika kwamba hawana la kusema.

Nyumbani kwake kulikuwa na jambo moja tu lililomnyima usingizi: mguu wa mkewe. Ulikuwa na kidonda cha sukari, kidonda kisichojua adabu, kila siku ya pili lazima kisafishwe. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mji. Mwendo wa saa mbili, kwa mtu mwenye mguu mmoja mzima.

Jumatano mchana akaja binti wa mdogo wake, ambaye ni karani katika ofisi ya takwimu ya manispaa. Kwapani alikuwa na kompyuta.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetuletea televisheni?"

"Nimekuleteeni mji mzima," alisema binti, akaifungua juu ya meza, pembeni ya bakuli la maji ya kuoshea kidonda.

Akawaeleza. Ofisi yao ilikuwa imechora ramani ya mji na kuiacha wazi kwa kila mtu: kuitazama ruksa, kuichukua ruksa, hata kuisahihisha ruksa. Mji wote ulikatwa miraba, kilomita moja kila upande. Mraba wenye watu elfu moja na mia tano au zaidi ulipakwa rangi nyekundu, maana yake ni mji. Wenye pungufu ulipakwa kijani, maana yake ni shamba. Zahanati mpya ingejengwa kwenye mraba mwekundu ulio mbali kuliko yote na zahanati nyingine. Masahihisho yangefungwa Ijumaa, saa sita mchana.

Mzee alisikiliza huku amenuna. Zamani ramani ya mji ilifungiwa kabatini na ufunguo ukakaa kwenye mfuko wa mkubwa. Ukiuliza mpaka wa kiwanja chako unaambiwa njoo kesho, na kesho unaambiwa mkubwa yuko kikaoni. Hiyo nayo ilikuwa moja ya desturi za zamani, lakini kwa hiyo hakumwaga chozi. Alivaa miwani, akasogea.

"Sisi tuko wapi hapa?"

Binti alionyesha kwa kidole. Kijani kitupu.

"Hapa pana msitu!"

"Ndiyo maana nimekuja, baba mkubwa. Kompyuta ilihesabu mapaa kwa picha zilizopigwa kutoka juu. Na mapaa yetu..."

Mzee alipiga goti lake kofi. Mabati! Kiwanda cha mabati kilipofungwa, kiliuza kwa bei ya kutupa mabati ya kijani ambayo hakuna aliyeyataka, na mtaa mzima ukakimbilia kuyanunua. Hakuna nyumba pale iliyokuwa na paa la rangi nyingine.

"Kwa hiyo serikali inadhani sisi ni miti?" aliuliza mkewe kutoka kitandani.

"Miti, mama mkubwa."

"Basi waambie mti mmoja unaumwa mguu."

Walicheka mpaka maji ya bakuli yakatikisika. Lakini mzee aliacha kucheka kabla ya wenzake, akauliza rangi hiyo inabadilishwaje. Binti alisema kila nyumba inaweza kuingizwa kwa simu: unasimama mlangoni, unabonyeza, unaandika idadi ya wanaolala humo, na ofisi inakuja kukagua chache ili kuona kama umesema kweli.

"Nyumba za mtaa huu?" mzee aliuliza. "Nizijue mimi, azijue nani?"

Alhamisi alfajiri alitoa viatu vyake vya kazi chini ya kitanda, akavipaka rangi. Mkewe alimtazama akifunga kamba.

"Unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kuhesabiwa," alisema, akatoka na binti nyuma yake.

Siku hiyo alirudi ujanani. Alipita njia zake zilezile kwa utaratibu uleule, kushoto kwanza kisha kulia, akibisha kwa kidole cha kati kama alivyobisha miaka yote. "Hapa ni mwalimu mstaafu, alikuwa anapata barua kila mwezi kutoka kwa kaka yake. Watu sita." Mlango ulifunguliwa: saba, maana mjukuu kazaliwa. "Hapa ni fundi saa, barua zake zilikuwa na muhuri mwekundu. Hapa wale mapacha waliogombana, milango miwili, barua moja, kila mmoja alidai ni yake." Binti alikuwa akibonyeza huku anacheka, na mzee hakumruhusu apumzike. Hata mbwa waliomfukuza zamani alitaka kuwataja, akakatazwa. Jioni walikuwa wameingiza nyumba mia mbili na kumi na tatu.

Binti alijumlisha. Akajumlisha tena.

"Elfu moja mia tatu na kumi na sita, baba mkubwa."

"Haiwezekani."

"Tumepungukiwa na watu mia moja themanini na wanne."

Mzee aliketi kizingitini na viatu vyake vilivyong'aa. Alikuwa amepita mlango baada ya mlango na hakuruka hata mmoja. Kwa mara ya kwanza alifikiri labda kompyuta ndiyo iliyosema kweli, kwamba mtaa umekwisha kweli, kama barua zilivyokwisha, na yeye peke yake ndiye hajaambiwa.

Mkewe alikuwa akifunga kitambaa mguuni. "Yule mshonaji wa nyuma ya karakana ya seremala mmemwandika?"

"Mshonaji gani?"

"Yule mrefu. Ana watoto wanne na mama yake. Na wale wachoma matofali wa kule chini? Na ile nyumba ndefu ya wapangaji?"

"Hao siwajui. Hawajawahi kupata barua."

Mkewe aliinua macho. "Kwani asiyepata barua halali usiku?"

Miaka thelathini na moja mzee alidhani amebeba mtaa mzima kichwani. Kumbe alibeba mkoba tu. Uliokuwa na barua ulikuwa mlango. Usiokuwa nayo ulikuwa ukuta.

Ijumaa walianza kabla jua halijatoa kichwa. Safari hii mzee hakutangulia. Mkewe alitangulia, kwa fimbo, kwa sababu yeye ndiye aliyewajua. Wanawake wa nyumba hizo alikutana nao bombani na kwenye ile njia ndefu ya zahanati. "Taratibu, mama mkubwa!" "Taratibu na saa sita inakuja? Andika, mwanangu!"

Mshonaji alifungua mlango na sindano mdomoni. Alipomwona mzee aliitoa.

"Makubwa! Leo umepotea njia?"

"Dada, wangapi mnalala hapa?"

"Sita. Miaka yote hiyo nakuona unapita. Ukikaribia naweka cherehani chini, nasema leo ni yangu. Nikafika kudhani mlango wangu una mkosi."

Mzee alitafuta neno kubwa katika yale aliyoyaokota magazetini, asilipate. "Nisamehe, dada," alisema, na binti akabonyeza.

Baada ya hapo habari ilikimbia kuliko wao. Wachoma matofali walikuja wenyewe, mikono imejaa udongo: "Sisi kumi na wawili, njooni mwone tunapolala!" Kwenye nyumba ndefu ya wapangaji watu walisimama kila mmoja mlangoni kwake kama wanaokaguliwa gwarideni, na mzee mmoja kiziwi alipiga kelele idadi yake mara tatu asije akasahauliwa. Saa tano na nusu walikuwa elfu moja mia nne na themanini na saba. Binti alikuwa anakimbia sasa, viatu mkononi. Mlango, bonyeza, watano. Mlango, bonyeza, wanane.

"Elfu moja mia tano!" alipiga ukelele, na uchochoro mzima ukamjibu kama uwanja wa mpira.

"Usisimame!" alifoka mzee. "Wako wengine huko nyuma!"

Walituma saa sita kasoro dakika nane, watu elfu moja mia sita na wanne. Kisha mke wa mzee akaketi juu ya rundo la matofali, akaomba maji.

Wakaguzi walikuja, wakabisha milango ishirini, wakakuta hesabu ni sahihi, wakaondoka. Wiki iliyofuata binti alifungua kompyuta, na pale penye msitu palikuwa pekundu. Mzee aligusa kioo kwa kidole, akakiacha na alama.

Baada ya miezi miwili manispaa ilituma taarifa kwa kila nyumba iliyo kwenye ramani: kikao cha wakazi, kiwanja cha zahanati kimeshapimwa, karibu na karakana ya seremala. Barua za kweli, za karatasi, zenye namba za nyumba. Mzee alikwenda ofisini, akasema hataki malipo, anataka mkoba tu. Wakampa.

Hakufuata njia yake ya zamani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya karakana, akabisha kwa kidole cha kati.

"Barua!"

Cherehani ilinyamaza. Mshonaji alitoka, akanawa mikono kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni, akaikausha kwenye kanga, ndipo akapokea. Aliigeuza akatazama namba ya nyumba yake. Kisha akaona muhuri.

"Nimengoja miaka thelathini na moja," alisema, "halafu ni ya serikali?"

"Ifungue kwanza, dada," alisema mzee. "Ndani yake kuna mguu wa mke wangu."