Chubwi za Kimia cha Baba

Vita vilipoanza huko kwa Wafaransa, meli za bidhaa zikaadimika Mahajanga, na mume wangu akaanza kuyeyusha kila kilichoyeyuka. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria pale Antanimasaja, mtu mpole ambaye sijapata kumwona akimkemea hata paka. Lakini tulikuwa na shamba la muhogo Belobaka, nguruwe mwitu walikuwa wamelivamia, na mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Mchele haukuonekana madukani. Muhogo ule ukiisha, hatukuwa na kingine cha kula.

Gobori la marehemu baba yake lilikuwepo, na baruti kidogo ilikuwepo. Kilichokosekana ni madini ya risasi. Basi akaokota mfereji wa paa, wa zinki, akauyeyusha. Ukagoma kujaa kalibu ya kumiminia risasi, kidonge kikatoka na makunyanzi kama uso wa bibi yangu. Akajaribu vijiko vyetu vya alumini. Hivyo vilitoa vidonge vyeupe, vya kupendeza kabisa, nikamwambia labda tuwatungie nguruwe shanga. Alipofyatua shambani, nguruwe alitikisa masikio, akaendelea kuchimba. Akachukua lehemu yake ya kazi, akaichanganya na zinki ili iongezeke, na mchanganyiko ule ukamvunjikia mkononi kama biskuti. Kila jioni alirudi na masizi puani, na kila asubuhi tulikuta tuta jingine limefukuliwa.

Mimi nilikuja Mahajanga kutoka Marodoka, kule Nosy Be, na kimia cha baba yangu, wavu wake wa kuvulia samaki; yeye alifariki kabla ya harusi yangu. Nilikitundika ukutani. Ukingo wake mzima ulikuwa na chubwi, vile vipande vizito vinavyokizamisha, vyote vya risasi laini. Mume wangu alikiona kila siku, na hata siku moja hakukitaja.

Kisha nikamkuta amehamishia jiko lake la makaa uani, kwenye jua kali. Nikamuuliza kwa ukali, maana mimba ilinifanya mkali zaidi ya nilivyozaliwa, ndani kuna nini kilichomkimbiza. Akasema kuna joto. Nikamtazama anavyotiririkwa na jasho juani, ndipo nikaelewa. Hakutaka kufanya kazi yake mbele ya kile kimia, asije akakiomba kwa macho.

Nikaingia ndani, nikakishusha, nikakata chubwi moja moja kwa kisu cha jikoni. Nililia huku nakata, sitasema uongo. Nikampelekea kwenye ungo. Hakunyoosha mkono.

“Hiki ndicho pekee ulichobaki nacho cha baba yako,” akasema.

“Baba yangu alikuwa akilisha watu kwa hizi,” nikamjibu. “Yeyusha.”

Akayeyusha, akaongeza lehemu kidogo ili zisiwe laini mno, na safari hii kalibu ikajaa vizuri. Nguruwe wa kwanza aliangukia ukingoni mwa shamba. Sisi Waislamu hatukuweza kumgusa, na kipande cha baba kilikuwa mwilini mwake. Jirani zetu wa shamba, watu waliotoka nyanda za juu, walimchukua kwa kitoweo chao. Mume wangu, ambaye aliona haya hata kuomba chumvi, alikwenda kwao kuomba arudishiwe risasi. Walimcheka sana, wakampa.

Akachuchumaa uani akaiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani kuhusu najisi ya nguruwe. Aliiosha taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Alipomaliza akaja kuniwekea kiganjani. Ilikuwa imebondeka, imekuwa bapa kama kifungo.

“Angalau hii moja ukae nayo,” akasema.

Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda saa ile, na nilimwambia hivyo hivyo, mchana kweupe, majirani wakisikia. Kisha nikamrudishia. Nguruwe walikuwa bado wengi, na mtoto alikuwa akicheza tumboni.