Kinu Kitupu

Harufu ya makemba, ndizi za kupika, yakichemka kwenye sufuria yangu ndogo hunirudisha kwetu, karibu na maporomoko ya Tshopo. Pale, kinu kikilia, uwanja mzima ulijua kuna lituma, zile ndizi zilizopondwa pamoja na mafuta ya mawese. Matonton, yaani wajomba, mashangazi, watoto wa majirani, wote walifuata mdundo ule bila kuitwa.

Siku moja ndizi zilikuwa chache. Mama akaziponda ndani ya sufuria, kwa kijiko, taratibu. Koko, bibi yetu, akamtazama, akainuka, akashika mchi na kuanza kutwanga kinu kitupu.

"Koko, chakula iko kidogo!" mama akanong'ona.

"Bon, tutakula kidogo. Nyumba yenye inakula kimya, itakufa kimya."

Wakaja wote. Nilipata tonge moja tu, la moto, na mafuta yakanitiririka hadi kwenye kiwiko.

Sasa sina kinu. Ninaponda ndizi mbili kwa kitako cha kikombe, polepole, mlango umefungwa. Nikitua kupumzisha mkono, ninasikia nyuma ya ukuta jirani naye anaponda, polepole.