Transfoma Iliyoogeshwa

Kazini walimwita Nesi, kwa sababu maisha yake yote ya ajira ameyamaliza akichoma sindano mashine zisizolalamika. Huvuta mafuta kutoka tumboni mwa transfoma, huyapeleka maabara, na mafuta humweleza hali ya karatasi zilizoviringishwa kwenye nyaya mle ndani. Karatasi ikizeeka, huacha dalili kwenye mafuta. Ikizeeka kabisa, transfoma hulipuka na shirika huomba radhi kwa usumbufu.

Transfoma kongwe kuliko zote ililindwa na shemeji yake, mume wa dada yake. Alipooa alipewa nyumba ndani ya uzio wa kituo cha umeme, na mashine ikawa inanguruma nyuma ya dirisha la chumba cha kulala. Ikionekana imechoka, kituo kingefungwa na nyumba ingekwenda nacho. Kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyelitaja.

Safari hii mafuta yalitoka maangavu kama maji ya kunywa. Nesi aliyanusa, akaiona mipira ya mtambo wa kuchujia mafuta bado imelala kwenye nyasi, akauliza ilikuwa na kazi gani. Shemeji akaeleza, kwa fahari ya mtu aliyejiandaa kupokea mgeni, kwamba aliwabembeleza watu wa karakana wayachuje kwanza. Isingekuwa heshima kumkaribisha mpimaji na mafuta machafu.

"Shemeji, umemwogesha mgonjwa, ukamnyoa na ndevu, ndipo ukamwita daktari."

"Si anapendeza lakini?"

"Anapendeza. Hata maiti huandaliwa akapendeza."

Dalili zote zilikuwa zimebaki kwenye chujio. Maabara ingeyasifu mafuta hayo, Nesi angetia sahihi, na dada yake angebaki na nyumba. Alilifikiria hilo kwa muda wa kikombe kizima cha chai, ambayo dada aliileta ikiwa na sukari nyingi kuliko siku zote.

Kisha akaagiza transfoma izimwe, mafuta yapunguzwe, mafundi wafungue kifuniko na kumkatia kipande cha karatasi. Akakiweka kiganjani mwa shemeji. Shemeji akakikunja taratibu, na kikavunjika kama jani kavu. Akageuka kulitazama dirisha la chumba cha kulala.

"Na kitanda chetu kipo pale," akasema.

"Kipo pale."

Shemeji akamwambia aandike ukweli, ila akamsihi asitaje habari za chujio, watu watamcheka. Nesi alizitaja, maana bila hizo ripoti isingeeleweka. Aliongeza tu kwamba mafuta yalichujwa kwa nia njema, jambo ambalo maabara haina kipimo chake.

Transfoma ikawashwa tena, kwa kuwa mji ulitaka mwanga na mpya ilikuwa haijapatikana. Nesi akavua glavu, akaingia ndani, akashika upande mmoja wa kitanda. Dada akashika wa pili, akilalamika kwamba sebuleni hakitaenea. Shemeji alikuwa ameshaanza kusogeza viti.