Gitaa Lenye Mistari

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne asubuhi, kwa ujumbe wa sauti katika kundi la simu la korali yetu, na kama kawaida yangu sikuiamini. Wasomaji wangu mnanijua. Bukavu hii ina watu waliozikwa kwa simu mara mbili na bado wanaonekana sokoni wakibishania bei ya sambaza, wale dagaa wa ziwani. Nikampigia mwalimu wa korali, nikampigia katekista, nikampigia hata seremala jirani yake kule Cimpunda, nikiwa na hakika kwamba mmoja wao atajikanyaga. Hakuna aliyejikanyaga. Mpiga besi wetu, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Tonton, alikuwa amefariki kweli. Nakiri mbele yenu kwamba aibu ilinifika kabla ya huzuni.

Aibu hiyo ni ya gitaa. Tonton alipiga besi isiyo na vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo ya gitaa la kawaida. Vyuma vile humbeba mpigaji: ubonyeze mbele kidogo au nyuma kidogo, noti inatoka sawa. Ukiving'oa, kidole kikiteleza tu noti imepotea, lakini kikikaa mahali pake sauti inaimba kama mtu. Gitaa lake la zamani alikuwa ameling'oa vyuma mwenyewe kwa koleo, akaziba nyufa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, na alama zikabaki zinaonekana. Alitupigia hilo miaka ishirini. Siku za Pasaka kulikuwa na akina mama waliofuta machozi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kisha shingo ikapasuka, na hakukuwa na fundi wa kuiokoa.

Mwanaparokia mmoja aliyerudi kutoka Ulaya akatuletea magitaa mawili mapya, yote bila vyuma: moja tubaki nalo, lingine liende kwa korali ya parokia ya Miti, upande wa Kabare. La kwanza lilikuwa na mistari myembamba iliyochorwa shingoni, pale ambapo vyuma vingekaa. La pili lilikuwa na shingo nyeusi tupu, inayong'aa. Hilo unalipiga kwa sikio, macho hayakusaidii kitu. Kamati yetu ni ya watu wa ofisi na wa chuo, mimi nikiwa katibu, na tulilipenda hilo tupu kabla hata ya kulisikia. Mhadhiri mmoja akasema mistari ni ya daftari la mtoto wa shule, mtu mzima haihitaji. Tukacheka. Tonton hakucheka. Alisema kwa upole, "Muniachie ile yenye iko na mistari. Ile ingine muipeleke Miti."

Hapo nikaanza kunusa. Mpiga besi wa miaka ishirini anaogopa nini kwenye shingo tupu? Nikakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa, kwenye wimbo wa komunyo hasa, nilikuwa nasikia noti zikichepuka, wakati wengine wote wanampongeza. Nikakumbuka pia kwamba siku hizo alikuwa anakaa ameegemeza goti kwenye boksi la spika, macho yakiwa vidoleni, hamtazami tena mwalimu. Nikajumlisha. Nikasema huyu mtu hajawahi kuwa na sikio. Zile alama za gundi ndizo zilizotupigia besi miaka yote. Na kwa kuwa kwangu shaka moja haikai peke yake, nikaongeza kwamba huenda ana mapatano na watu wa Miti.

Ningeweza kumuuliza. Badala yake nilipendekeza, kwa jina zuri la uwazi, kwamba magitaa yajaribiwe mbele ya korali nzima baada ya misa ya pili. Siku ilipofika nilimkabidhi mimi mwenyewe lile tupu. Alilipokea, akauliza, "Papa sekretere, weye unatafuta nini?" Nikamjibu kwamba tunataka kusikia tu. Akaanza wimbo wa kuingia. Mwanzo ulikuwa safi, lakini sauti zote za korali zilipopanda, besi ikaachana nasi, ikaenda njia yake hadi mwisho wa ubeti, naye hata hakujua. Mwalimu wa korali akatazama sakafu. Tonton alipoona nyuso zetu akasimamisha mkono, akalifuta gitaa kwa leso yake, akatushukuru, akatoka. Lenye mistari likapelekwa Miti wiki hiyohiyo, kwa uamuzi ulioandikwa kwa mkono wangu.

Hakurudi tena. Niliposikia anaonekana Jumapili asubuhi akipanda pikipiki kuelekea Kabare, niliwaambia watu kwamba amechukuliwa na kanisa moja la maspika makubwa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikitunga kisa hicho mwenyewe, nikakiamini.

Kwa hiyo nilikwenda matangani nikiwa na masikio wazi. Nikakuta korali ya Miti imeshuka yote, na lile gitaa lenye mistari limeegemezwa ukutani bila mpigaji. Kiongozi wao akanieleza kwamba Tonton aliwapigia kila Jumapili ambayo barabara iliruhusu, akifuata mistari kwa macho, mpaka afya ilipokataa. Baadaye mjane wake aliniita nyuma ya nyumba, karibu na masufuria. Akasema masikio ya mumewe yalikuwa yanakufa kwa miaka mitatu. Daktari alimwambia wazi. Naye Tonton alimsihi mkewe asimwambie mtu, maana nani atamwachia kiziwi besi? Goti kwenye spika lilimletea noti ndani ya mfupa, na mistari ilimwonyesha kidole kikae wapi.

Basi nilikuwa nimenusa sawasawa. Tonton hakuwa anasikia, na mimi nililijua hilo nusu. Nikaanza kuomba radhi, lakini maman yule akanizuia kwa mkono.

"Hakukukasirikiaka, Papa. Alikuwa anasema, mu korali yote, ni weye peke ulisikia kama anapotea. Alikuwa anangoja umuulize."

Nimeishi kwa shaka katika safu hii, na siiachi leo. Katika mji uliopitia tuliyoyapitia, mtu asiye na shaka huuziwa hata nyumba yake mwenyewe. Tumewafundisha watoto wetu shaka kama tunavyowafundisha kunawa mikono. Ila tumezoea kuipeleka kwenye kamati, kwenye simu, kwenye mkutano baada ya misa, kote isipokuwa kwa mwenyewe, na ndiyo sababu mtu anayeumwa kazini kwetu hujificha kama mwizi. Ukimshuku mtu wako, panda hadi nyumbani kwake, uketi, umuulize yeye kwanza, mkiwa wawili. Kutoka kwangu Nyalukemba hadi kwake Cimpunda njia naijua vizuri. Nimeipanda mara moja tu, wiki hii, nikiwa nimevaa nguo nyeusi.