Nilifuta indeksi nikanyamaza, dada wa watu akafukuzwa kazi

Admin, nifichie jina. Watakaonitukana wanitukane tu, nastahili. Mimi ni mwanaume wa miaka 49, mzaliwa wa Moshi, nina mke na duka la kompyuta hapa Karatu.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa fundi kompyuta wa hoteli moja kule juu kreta, kwenye lile bonde la wanyama. Mapokezi alikuwepo dada wa Kimasai kutoka Olbalbal, nitamwita Nasieku, sio jina lake. Kwao ndiye wa kwanza kukaa kwenye kiti cha ofisi, baba yake aliuza ng'ombe ili asome. Kazi yake ilikuwa kuingiza wageni kwenye mfumo niliotengeneza mimi. Humo niliweka indeksi, yaani ile orodha ya pembeni inayosaidia kompyuta kutafuta haraka. Hii yangu ilikuwa na kazi nyingine pia: ukiingiza chumba kimoja mara mbili kwa tarehe moja, inakataa.

Hoteli ikaongeza mahema, yakaitwa A, B, C. Kwenye mfumo, safu ya kuandikia chumba ilikuwa inapokea namba tu, ikabidi niibadilishe ipokee na herufi. Ikanigomea kwa sababu ya ile indeksi. Nikaifuta, nikijiambia nikimaliza nairudisha. Nikabadilisha safu, nikajaribu hema A, likakubali, nikaenda zangu kula. Sikuirudisha. Jamani, nilisahau tu, hivyo hivyo.

Mwezi wa saba, wageni kibao, makundi mawili yakafika mchana mmoja na kila moja limeandikiwa vyumba vilevile. Wazee wa watu wametoka kreta, vumbi mpaka kwenye kope, hawana pa kulala. Meneja akatuita. Nasieku akasema, "Kaka, si huwa inanikatalia? Safari hii ilikubali."

Wote wakanigeukia. Nikafungua kompyuta, nikaona indeksi haipo. Nikaondoa vyumba vilivyojirudia, nikairudisha palepale, na hakuna aliyeelewa ninachofanya. Nikasema, "Mfumo uko sawa, jaribuni wenyewe." Wakajaribu kuingiza chumba kimoja mara mbili, ukakataa. Meneja akacheka, "Si niliwaambia? Hawa ni watu wa ng'ombe, kompyuta wapi na wapi!" Na mimi nikacheka. Nilicheka, ndugu zangu! Nasieku akafukuzwa siku ileile.

Wiki iliyopita akaingia binti dukani kwangu. "Shikamoo anko. Mimi ni mtoto wa Nasieku, mlifanya kazi wote hotelini." Kamaliza kidato cha sita, kapata nafasi chuoni kusomea kompyuta, ila mama yake hataki hata kusikia. "Mama anasema kompyuta ilimshinda, aliwatesa wageni kwa makosa yake, na sisi kwetu hatuziwezi. Anko, twende ukamwambie. Anasema hajawahi kuona mtu anayezijua kama wewe. Wewe atakusikiliza."

Yaani miaka yote hii yule dada anajiona mjinga kwa kosa langu! Nikajifanya natafuta waya chini ya meza.

Mke wangu anasema, "Nenda kamwombee mtoto asome, ya zamani yaache." Lakini nikifanya hivyo, Nasieku atanikaribisha chai ya maziwa na kunishukuru. Nikisema ukweli, huenda akamzuia binti kwa hasira, na atakuwa na haki.

Jumamosi binti anakuja kunichukua twende Olbalbal. Nishaurini ndugu zangu, mtu aliyejilaumu zaidi ya miaka ishirini unaanzaje kumwambia hakukosea kitu?